Eda Haikukataza Jua

Sifa zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba rangi kabla ya kuumba macho ya kuzitazama, na akaliweka jua juu ya wenye harusi na wenye msiba bila kubagua. Namshukuru kwa umri alionipa, kwa magoti ambayo bado yanakubali kusujudu ingawa yanalalamika wakati wa kuinuka, na kwa ulimi ambao haukunyamaza siku ulipotakiwa unyamaze. Rehema na amani zimfikie Mtume wake, aliyetufundisha kwamba mjane naye ana haki zake. Baada ya hayo, nasimulia.

Mwezi uliopita nilikwenda mtaa wa Cheyo kukaa na wifi yangu Tatu, aliyefiwa na mumewe. Nilimkuta kwenye mkeka, ndani ya nguo zake nyeupe, katika sebule kubwa ya nyumba waliyoijenga pamoja uzeeni. Madirisha ya nyumba ile ni mapana, ya vioo vyeusi, lakini mchana ule mapazia mazito yalikuwa yameshushwa mpaka sakafuni na taa ya umeme ilikuwa inawaka kana kwamba jua la Tabora limeharibika. Tuliliana kidogo, tukasoma, tukanywa uji wa ulezi, halafu Tatu akanionyesha kwa kidevu meza ndogo kando ya televisheni. Pale palikuwa na vyungu vitatu, vidogo kama vikombe vya kahawa, na ndani yake ile mimea ya majani manene yenye kuhifadhi maji, ambayo siku hizi vijana wanaiagiza kwa simu na kuipanga ndani. Mjukuu wake ndiye aliyeileta. "Wifi, mimea hii imeniudhi," akasema. "Ilikuja imependeza kama biharusi, huyu wa waridi, huyu mwekundu, huyu wa zambarau. Sasa itazame. Yote kijani kibichi, na shingo imerefuka kama anayechungulia ukuta wa jirani. Mjukuu wangu anasema muuzaji alimwambia inakaa ndani bila shida."

"Inakaa ndani," nikamjibu. "Haikai gizani. Nani ameshusha mapazia haya?"

"Mwanangu, yule wa Mwanza. Anasema mjane haonekani."

Nikacheka. Najua si adabu kucheka mbele ya mfiwa, lakini nilicheka mpaka nikajifunika uso kwa ushungi. Tatu akanitazama kwa jicho lile lile la miaka yote, jicho la wifi. "Usicheke, Zuhura. Najua unachokumbuka. Na ukiwa na haya hutakisema."

Haya ninayo, na nitakisema. Naandika habari za mwaka ule nilipokuwa mjane mimi, msichana bado, wakati Tatu ndiye aliyekuwa anashusha pazia.

Nyumba yetu ilikuwa, na bado ni, moja ya nyumba za zamani za hapa mjini, zilizojengwa na watu wa misafara waliokuwa wakiogopa wezi na joto kuliko walivyoogopa giza. Kuta zake ni za udongo, nene kiasi kwamba mtoto anaweza kulala kwenye kingo ya dirisha asianguke. Chumba changu kilikuwa cha mbele, chenye dirisha dogo la mbao lililotazama mashariki, kwenye barabara ya kwendea stesheni. Mume wangu Shabani alikuwa akifanya kazi kwenye treni. Kila alikokwenda, kama treni imesimama kwa muda mrefu ikisubiri nyingine ipite, aliteremka kuomba kipande cha mmea kwenye bustani za watu, kwenye ua wa misheni au mlangoni kwa mke wa mkuu wa stesheni, akakifunga kwenye karatasi na kukileta nyumbani ndani ya kopo lake la chakula. Wanaume wengine walileta samaki wa Kigoma. Wangu alileta majani. Mimi nilitoboa mikebe ya maziwa kwa msumari upande wa chini, nikachanganya udongo na mchanga wa mtoni na vipande vya tofali lililosagwa, nikapanda. Majina ya kitaalamu ya mimea ile sikuyajua, na hata leo nikiambiwa nasahau. Tuliuita kila mmoja kwa stesheni yake. Wa Bukene ulikuwa na vijani vya mviringo kama shanga, kila shanga ina ncha nyekundu. Wa Usoke ulijikunja kama ua lililochongwa kwenye jiwe, rangi ya waridi. Mkubwa kuliko yote tuliutoa mwisho wa reli, Kigoma, una majani mapana kama masikio, na kila sikio lina ukingo mwekundu, mwekundu kweli, kama vidole vilivyolala na hina.

Katika chumba hicho hicho nilikuwa nimeanza kufundisha mabinti wa jirani kusoma Kurani alasiri. Walikaa chini ya dirisha, na mikebe iko juu yao. Msichana akikosea herufi alinyanyua macho kwenye mmea wa Kigoma kama vile jibu limeandikwa pale. Hayo ndiyo maisha niliyokuwa nayo, nami niliyaona ni mengi.

Shabani aliugua homa mwishoni mwa masika, na kabla udongo wa barabarani haujakauka vizuri tukamzika. Innaa lillahi. Sitaeleza zaidi, kwa kuwa yale ni yangu na yake na Mola wetu. Nilioga, nikavikwa nyeupe, nikavuliwa bangili, nikakaa eda, miezi ile minne na siku zake kumi. Kioo kikageuzwa ukutani. Tatu, dada wa marehemu, mwenye mikono ya haraka na mdomo wa haraka zaidi, akaleta blanketi la kijivu na misumari, akalifunga dirisha lote. Nilimwona akifanya hivyo na sikusema neno. Wakati ule ningefunikwa mimi mwenyewe kwa blanketi lile nisingesema neno.

Chumba kikawa pango. Wanawake waliingia na kutoka, harufu ya nguo zao na ya moshi wa majiko ikabaki. Asubuhi uji wa mtama, mchana ugali na mlenda, jioni michembe, yale matobolwa ya viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyopikwa na karanga, kwa kuwa mama mkwe wangu, Bi Nyamizi, aliamini mtu mwenye huzuni lazima atafune kitu. Mama huyu alikuwa mwanamke mkubwa, mtulivu, aliyekuwa akiongea Kinyamwezi akiwa na furaha na Kiswahili akiwa na hasira. Miezi ile niliongeleshwa Kiswahili tu. Hakunichukia. Alikuwa amefiwa na mwanawe, na mimi ndiye niliyekuwa karibu.

Mimea ndiyo iliyoanza kunitoa usingizini. Wiki chache baada ya blanketi kupigwa misumari niliona shanga za Bukene zimeachana, shina limerefuka, jani moja huku, jingine kule. Ua la Usoke likafunguka na kulegea kama mkono wa mgonjwa. Na ule wa Kigoma, masikio yake yakawa kijani chote, hina imekwisha. Wengi hudhani rangi ile ni ya kuzaliwa, kama rangi ya kanga. Sivyo. Jani lina rangi yake ya kijani ya kila siku, na hiyo nyekundu mmea hujitengenezea wenyewe ukipigwa na jua la kutosha na kunyimwa maji kidogo na kuguswa na baridi ya usiku. Uweke kivulini, uulishe na kuunywesha, utanenepa na kurefuka na kuwa kijani kama mchicha. Hautakufa haraka. Utasahau tu rangi yake.

Bi Nyamizi alipoona hivyo akaridhika. "Afadhali," akawaambia wanawake waliokuja kunijulia hali. "Nilikuwa naona vibaya chumba cha mjane kuwa na vitu vimepakwa hina. Sasa nayo imekaa eda."

Wanawake wakacheka. Nikacheka nami, maana mzaha ulikuwa mzuri. Lakini moyoni nilisema, Mungu aliniambia mimi nikae eda. Hakuuambia mkebe.

Halafu likaja jambo la maji. Kila Alhamisi walikuja kusoma Yasini. Katikati ya mkeka liliwekwa bakuli kubwa la maji, yakasomewa, kila mmoja akanywa, mimi nikanawishwa uso. Na maji yaliyosomewa, kila Mwislamu wa mji huu anajua, hayamwagwi kwenye mtaro wala chooni. Yanamwagwa mahali safi, kwenye shina la mmea. Sasa ndani ya chumba mlikuwa na mimea. Basi kila mwanamke mwema aliyekuwa anaondoka alichukua kikombe chake kilichobaki, akasema bismillahi, akamimina kwenye mkebe. Wengine waliniambia kwa upole, "Bibi, hii ni ya marehemu." Ningewaambia nini? Mimea ile ilikuwa haioni jua, haiwezi kunywa hata tone, na kila Alhamisi ilikuwa inafurikishwa kwa baraka. Majani ya chini yakawa kama kitunguu kilichochemshwa, unaona upande wa pili. Siku moja niligusa ule wa Bukene kuupangusa vumbi, ukakatika ukabaki mkononi mwangu, shina jeusi, linanuka.

Nilikuwa bado nimeushika nilipowasikia barazani. Dirisha lilikuwa limefungwa lakini mlango wa ukumbini haukufungwa. Bi Nyamizi na Tatu walikuwa wanabangua karanga, nasikia maganda yakianguka kwenye ungo, na shemeji Rajabu, kaka mkubwa wa Shabani, alikuwa amekuja kunywa chai.

"Eda ikiisha," Rajabu akasema, "Zuhura aende Usoke kwa kaka yake. Kule kuna tumbaku, watapata mtu wa kusaidia. Chumba kile cha mbele kina baridi nzuri. Nitaweka magunia yangu ya mpunga."

"Hana mtoto," akasema Bi Nyamizi. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayesema mvua haijanyesha.

"Na takataka zake za mikebe?" Tatu akauliza. "Naye azibebe mpaka Usoke, treni nzima inuke?"

"Hizo," Rajabu akasema, akacheka kidogo, "zitakuwa zimekufa kabla yeye hajatoka."

Nimeishi miaka mingi tangu siku ile, nimesikia maneno makali kuliko hayo. Lakini sijawahi kusikia neno lililoniamsha kama lile. Nilikaa na kipande cha Bukene mkononi na kwa mara ya kwanza tangu mazishi sikulia. Nikasema, basi haitakufa. Na mimi Usoke siendi.

Asubuhi iliyofuata, baada ya swala ya alfajiri, niling'oa blanketi. Misumari ya Tatu ilikuwa imepigwa kwa hasira lakini si kwa ustadi. Nikafungua mbao za juu tu, za chini nikaziacha zimefungwa, nikakaa sakafuni chini ya dirisha ambapo mpita njia hata angekuwa mrefu vipi asingeniona. Jua likaingia kama mgeni aliyechoka kubisha hodi. Tatu alipoleta uji alisimama mlangoni.

"We Zuhura! Una wazimu?"

"Asubuhi njema, wifi."

"Wanaume wanapita barabarani kwenda stesheni!"

"Wataona mikebe. Mimi wataniona wapi? Simama nje uangalie, kama unauona hata ushungi wangu nitalirudisha blanketi mwenyewe."

Akatoka kweli, nikamsikia akipita mbele na kurudi, akajaribu hata kusimama kwa vidole. Aliporudi alikuwa amenuna. "Sijaona kitu. Lakini si vizuri. Mjane hakai na rangi."

"Nimekatazwa kujipamba," nikamwambia. "Nimekatazwa hina, wanja, manukato, na kutoka bila haja. Nimeyaacha yote na sinung'uniki. Niambie ni wapi nimekatazwa kuupa mmea jua, nami nitafunga sasa hivi."

Mchana akapiga misumari tena. Kesho yake nikaing'oa tena. Tukaendelea hivyo, yeye nyundo, mimi koleo la mkaa, mpaka kingo ya dirisha ikawa na matundu kama chekeche. Mwishoni Tatu akavaa baibui akaenda kunishtaki kwa Maalim, mzee aliyenifundisha dini tangu utotoni. Akarudi. Akaniwekea sahani ya michembe, akakaa, akatafuna wa kwake.

"Maalim amesemaje?" nikamuuliza.

"Amesema jua ni la Mungu."

"Hilo tu?"

"Amesema…" akameza kwanza. "Amesema niache kugongomea misumari kwenye nyumba ya mtu, ukuta wenyewe ni wa udongo."

Tulicheka wote wawili mpaka Bi Nyamizi akagonga ukuta kwa fimbo. Lakini msidhani kwamba vita vilikwisha hapo. Tatu aliacha nyundo, hakuacha mdomo.

Kazi ya kuirudishia mimea ile rangi ndiyo ilikuwa kazi yangu miezi iliyobaki, baada ya swala na kusoma, na nitaieleza kwa faida ya atakayetaka. Sikuiweka juani ghafla. Mmea uliozoea giza ukiutoa mara moja unaungua, jani linapata kovu jeupe lisilofutika. Nilitundika kanga nyepesi kwanza, jua likapita kwenye nyuzi zake, kisha nikawa naisogeza kila siku kidogo. Kingo ya dirisha niliipaka chokaa iliyobaki uani ili mwanga urudi ndani. Kioo kilikuwa kimegeuzwa na sikutaka kukigusa, kwa hiyo nilichukua sinia ya bati, ile ile waliyoniletea ugali wa msiba, nikaisugua kwa majivu mpaka ikang'aa, nikaisimamisha upande wa pili ili hata majani ya nyuma yapate sehemu yake. Kila asubuhi nilizungusha mikebe ili isiiname upande mmoja. Shingo zilizorefuka nilizikata bila huruma, nikaacha vidonda vikauke kwenye kivuli siku kadhaa, maana ukipanda kidonda kibichi kinaoza. Kile kipande cha Bukene nilikata sehemu yote nyeusi mpaka nikafika kwenye nyama safi, kilichobaki hakikuzidi nusu ya kidole changu. Nikakilaza juu ya mchanga mkavu na kukiombea. Samadi sikuweka hata chembe. Na maji nilitoa pale tu nilipochomeka kidole kwenye udongo mpaka kwenye fundo kikatoka kikavu. Hapo nilinywesha mpaka maji yatoke chini kwenye matundu ya msumari, kisha nikaacha tena.

Lakini Alhamisi ilikuwa inakuja. Walipomaliza kusoma na mwanamke wa kwanza akanyanyua kikombe kuelekea dirishani, nilinyoosha mkono nikaufunika mkebe kwa kiganja. Bi Nyamizi akaniuliza kwa Kiswahili chake cha hasira, taratibu, "Unakataa dua ya mwanangu?"

Halikuwa jambo dogo. Kumpinga mama mkwe mbele ya watu, na juu ya maji ya Yasini. Nikasema, "Shikamoo mama. Dua naipokea, na kila neno la leo nimeliitikia. Ila mimea hii Mungu ameiumba na maji yake ndani. Tukiizidishia tunaiua, na mimi siamini kwamba dua ya Shabani iwe ya kuua alichokileta kwa mikono yake. Pale uani kuna mpapai umekauka. Naomba maji yaende huko."

Bi Nyamizi akachukua bakuli mwenyewe, akainuka kwa shida, akatoka nalo. Hakuniongelesha siku zile. Lakini Alhamisi zote zilizofuata maji yalikwenda kwenye mpapai, na mpapai ule, subhanallah, ulizaa mpaka tukauwekea mti wa kuuegemeza. Alianza kuwagawia wageni mapapai akisema, "Haya ni ya Shabani," na alipolisema hilo mara ya kwanza alilisema kwa Kinyamwezi.

Kipupwe kikaingia. Usiku wa Tabora wakati ule unauma, na magoti ya Bi Nyamizi yalikuwa yanamuuma kuliko usiku wenyewe. Asubuhi moja alikuja chumbani kwangu akidai anatafuta ungo. Ungo haukuwapo. Akaona mstari wa jua sakafuni, akavuta mkeka, akakaa, akanyoosha miguu humo ndani. Kesho yake alikuja tena, safari hii bila sababu ya ungo. Ikawa desturi. Alikaa kwenye jua, mimi kwenye kivuli cha ukuta, nikisoma juzuu yangu kwa sauti ya chini naye akitikisa kichwa. Baridi iliyokuwa inamuuma yeye ndiyo iliyokuwa inaipa mimea rangi. Usoke ulianza, waridi ikatambaa kutoka pembeni kuja katikati. Bukene ukatoa mizizi, kisha shanga moja, nyekundu tupu.

"Mayo wane!" akasema kwa Kinyamwezi asubuhi moja, ameinamia mmea wa Kigoma karibu pua iguse. "Inarudisha hina."

"Sikuipaka mimi, mama."

"Najua. Nimekaa hapa siku zote. Nimeiona ikijipaka yenyewe." Akafikiri. "Hata Shabani alikuwa hivyo. Ukimdekeza analegea."

Ndiyo mara ya kwanza tulizungumza habari zake bila kulia.

Siku ya kutoka eda nyumba ilijaa. Nilioga, nikavaa kanga mpya, nikafukizwa udi, nikasikia pilau inaungwa uani. Wazee walikaa barazani, Maalim miongoni mwao. Miezi yote nilikuwa nimeongea na shemeji Rajabu kupitia mlango. Siku ile nikaufungua mwenyewe, nikasimama kizingitini na ushungi wangu, nikawasalimia.

"Shemeji," Rajabu akaanza, na sauti yake ilikuwa ya ukarimu, sitamdhulumu, "Mungu akulipe kwa subira yako. Tumeshaongea na kaka yako Usoke. Gari la kukupeleka stesheni liko nje."

"Ahsante kwa gari, shemeji. Lirudi."

"Lirudi wapi?"

"Lilikotoka. Mimi sisafiri. Nyumba hii aliinunua Shabani, na katika alichokiacha mna fungu la mjane. Fungu hilo halikutajwa na mimi, wala na kaka yangu, limetajwa kwenye Kitabu tunachokisoma kila Alhamisi. La mama ni la mama, lako ni lako, siligusi. Langu naomba liwe chumba hiki."

Rajabu akatazama wazee kama mtu anayetafuta mlango. "Mwanamke peke yake, hana mtoto. Chumbani humo atafanya nini?"

"Nitafundisha. Binti yako alifika kwenye sura ya Yasini kabla ya msiba. Amekatizwa njiani. Naye arudi kesho alasiri."

Maalim akakohoa. "Rajabu, aya ya mirathi unaikumbuka, au nikusomee?"

"Naikumbuka, Maalim."

"Vizuri."

Lakini Rajabu hakuwa mtu wa kushindwa kwa sauti. Akainuka akasema aone angalau hicho chumba kinachogombewa. Akaingia, akasimama katikati, mabega yake mapana yakajaza dirisha. Mikebe ilikuwa imepangwa pale juu, Kigoma, Usoke na Bukene mdogo, yote inawaka, maana jua la asubuhi lilikuwa bado halijapanda. Aliitazama kwa muda. Nadhani alikumbuka alichokisema barazani, ingawa hakujua kwamba nilimsikia. Na kutoka sakafuni, kwenye mkeka wake, ambako sote tulikuwa tumemsahau, sauti ya Bi Nyamizi ikasema:

"Mwanangu, sogea. Umenizibia jua."

Akasogea. Magunia ya mpunga hayakutajwa tena, si siku ile wala baadaye. Binti yake alirudi alasiri ya kesho yake, na baada yake nimefundisha binti zake yeye, na wajukuu. Bi Nyamizi alikaa kwenye mstari ule wa jua kila kipupwe mpaka Mungu alipomchukua. Chumba bado ni changu, dirisha bado ni dogo, matundu ya misumari ya Tatu bado yapo na sijayaziba.

Ndiyo sababu nilicheka kule Cheyo. Nilipomaliza kucheka nilimweleza Tatu kwamba mimea yake haijafa, imesahau tu. Ikatwe shingo, iache kunyweshwa kila siku, ihamishwe kutoka kando ya televisheni iende dirishani, taratibu. "Dirisha lipi?" akasema. "Si unaona? Na eda ikiisha anasema nihamie Mwanza kwake, nyumba hii ipangishwe." Alilisema hilo kwa sauti ndogo, Tatu, ambaye sikumbuki kumsikia na sauti ndogo. Nikamuuliza, "Wewe unataka kwenda?" Akasema hataki. Nikamwambia basi asiende, na kabla hajanijibu nikaiegemea meza, nikainuka na magoti yangu yanayolalamika, nikavuta pazia la upande wa mashariki mpaka mwisho wa reli yake. Kioo cheusi nacho nikakifungua. "Wataongea," Tatu akanong'ona. Nikasema, "Wewe mwenyewe ulisimama kwa vidole barabarani na hukuniona." Tukaisogeza mimea. Tukauvuta mkeka wake, naye akanyoosha miguu.

Mwanawe akaingia kutoka nje na simu mkononi, mtu mzima mwenye mvi, mtoto mzuri ambaye hakukusudia ubaya wowote. Akasimama mbele ya dirisha akishangaa. "Mama, nani amefungua?"

Tatu alimtazama kutoka chini, na nilimsikia akivuta pumzi, na aliposema nilimsikia mama yake aliyekufa zamani.

"Mwanangu, sogea. Umenizibia jua."

Nawe uliyevumilia kunisoma hadi hapa, mwanamume au mwanamke, Mola akupe mwanga unaokutosha na maji yasiyokuzidi, akulindie fungu lako alilolitaja mwenyewe, na kama leo kuna mtu amekusimamia mbele ya dirisha, akupe ulimi wa kumwambia asogee na heshima ya kumwambia vizuri. Amin.